Kucha za Mkono wa Kulia

Siku tuliyomzika dada yangu Rahabu, nilikata kucha za mkono wa kulia kabla sijaketi kwenye sinia, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilizunguka nyuma ya jiko na wembe, nikaegemea ukuta, nikazikata moja baada ya nyingine: gumba, shahada, ya kati, ya pete. Ya kidole cha mwisho sikuigusa, kwa kuwa kidole hicho hakina kazi kwenye gitaa na kucha yake siku zote huwa fupi kama ya mtu mwenye heshima zake. Kisha nikazifukia mchangani kama tulivyozoeshwa utotoni. Waombolezaji walioniona nikiondoka walidhani nimekwenda kulia peke yangu, na hawakukosea sana. Mikono ya umri wangu haina haraka. Kazi ambayo zamani dada yangu aliifanya kwa muda wa kufumba na kufumbua ilinichukua mimi mpaka chai ikapoa.

Wanaonifahamu hapa Garsen wanajua kwamba mimi ni yule mzee mwenye makucha mkono mmoja. Watoto hunipisha njiani kuliko wanavyompisha mchungaji. Muuza mandazi mmoja aliwahi kumnong'oneza mwenzake, akidhani masikio yangu yamezeeka kuliko yalivyo, kwamba kucha zile ni za kazi, na kwa namna alivyolitamka neno kazi nilijua hakumaanisha muziki. Rahabu ndiye aliyekuwa akinitetea. "Kaka yangu mchawi?" alikuwa akisema, mikono kiunoni. "Uchawi unataka mtu anayetoka nje. Huyu hata kanisani anafika kwa kuburutwa!" Watu wakacheka, na mimi nikasafishwa jina mpaka msimu mwingine. Sasa hayupo, na sijui nani atawaambia watu kwamba mimi ni mvivu tu wa kutoka.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Kila mzee anayeandika huanza na babu yake, na mababu wa mto huu wote walipanda mpunga, wakafukuza viboko, wakafa. Wangu hawakufanya la ziada. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliorudishwa nyumbani kutoka shule ya sekondari kule pwani, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Shule ilisema ni homa. Rahabu alisema ni ugonjwa wa kumkosa mama. Homa ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa na adabu ya ajabu: mara tu nilipoliona paa la nyumba yetu ng'ambo ya mto, ilipungua. Niliambiwa nikae nyumbani mwaka mzima nipate nguvu, na sijawahi kupewa adhabu tamu kama ile. Nilipenda kukaa jikoni. Nilipenda kujua nazi imekunwa na nani na kwa nini leo mchuzi ni mwepesi. Wenzangu wa rika walikuwa mashambani wakiamia ndege, nami nilikuwa nachambua mchele na wanawake, nikisikiliza ya watu.

Kazi niliyopewa, ili nisioze, ilikuwa kupeleka samaki kila Jumamosi kwa karani wa serikali, ng'ambo ya pili. Samaki walikuwa wa Mjomba Yaredi, kaka yake mama. Mjomba hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na chumba chake uani kwetu, na kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya pantoni pale kivukoni, yeye na wenzake, wakiimba, malori yakivuka. Jioni alitega madema yake na kupata kambare. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alisema kamba ilimmaliza maneno, maana siku nzima huimba kwa ajili ya serikali.

Karani alikuwa Mgoa, Bwana Kaitano, mwembamba, mwenye tai hata siku za joto lile la kabla ya mvua ambapo mbuzi wenyewe hutafuta ukuta wa kulalamikia. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, madirisha yana wavu wa mbu, na ndani mna harufu ambayo sikuwahi kuikuta kwingine: siki, nta ya mishumaa, kahawa, na kitu kama mbao iliyofungiwa sandukuni muda mrefu. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria na chini yake picha ya msichana mdogo aliyekaa na gitaa dogo, miguu haifiki chini. Siku ya kwanza nilibisha hodi nikaita, "Samaki, memsabu," na mwanamke mnene wa nywele za kijivu akaja mlangoni akanitazama juu ya miwani.

"Memsabu ni ile ya Bwana Disii," akasema, akimaanisha mke wa mkuu wa wilaya. "Mimi ni Mama Filomena. Samaki yako imekufa lini?"

"Asubuhi hii, Mama."

"Amekufa vizuri. Ingia."

Kiswahili chake alikiokota masokoni Kipini, walikokaa zamani kabla ya kuhamishiwa kwetu, na alikitumia kama mtu anayevaa viatu vya mwenzake: vinabana hapa, vinapwaya pale, lakini anafika. Akanikalisha jikoni, akampasua kambare, akamtia siki na pilipili na nazi, akanipa nionje na mkate. Nikala nikatokwa na jasho na machozi. Ndipo akaenda chumba cha pili, na nikiwa bado natafuta maji, nikasikia kitu kikipigwa. Magitaa nilikuwa nimeyasikia. Walevi wa dansi walipita na malori wakiyachapa kama wanafukuza nzi. Hili halikuchapwa. Lilikuwa kama watu wawili wanazungumza chumba cha pili, mmoja mwanamume wa sauti nzito asiyeharakishwa, mwingine mwanamke anayemjibu juu juu, na unataka kusogea usikie wanasengenya nani. Kwa mtu wa tabia zangu, huo ulikuwa mtego mbaya kuliko dema. Nikasogea mpaka mlangoni. Mama Filomena alikuwa peke yake, mguu wa kushoto juu ya kasha la sabuni, uso kama wa mtu anayesoma barua ya mbali. Katikati ya wimbo mkono wake wa kulia ukakataa. Vidole vilijikunja vyenyewe, akavitazama kama unavyomtazama mtoto anayekuaibisha mbele ya wageni.

"Wewe nasikia kwa mdomo wazi," akaniambia. "Onyesha mikono."

Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa. Ada yangu ilikuwa kambare, na Mjomba aliilipa bila kuulizwa. Niliazimwa gitaa la yule msichana wa pichani, niende nalo nyumbani. Aliitwa Lidia, mtoto wao wa pekee, homa ilimchukua Kipini na kaburi lake liko huko. Mwezi wa kwanza nilipiga nyuzi tupu tu. Gumba, shahada, kati, pete. Gumba, shahada, kati, pete. Mama Mkatoliki na kijana wa misheni tukitaja kidole cha shahada kutwa nzima, hata Bwana Kaitano akauliza kama tunasilimu. Kisha likaja suala la kucha. Mkono wa kushoto, alisema, ukatwe kucha mpaka kwenye nyama. Mkono wa kulia zifugwe, zipite kidogo ncha ya kidole, ziwe laini na za mviringo, kwa sababu sauti yote inatoka pale.

"Mkono ya kulia ndiyo inalia," akasema, na akacheka kwa kugundua kwamba Kiswahili kinakubaliana naye.

Nikasema, "Mama, huu ndio mkono wa kulia chakula."

"Basi inakula, inalia. Kazi mbili."

Kila Jumamosi nilipofika, kabla ya salamu, aliniuliza pale mlangoni, "Kumekucha?" Mwanzoni nilidhani anauliza habari za asubuhi, nikamjibu, "Kumekucha, Mama," naye akanishika mkono na kuukagua na kufoka: "Hapana! Bado!" Ndipo nikaelewa kwamba kwake neno lile lilihusu kucha. Aliamini kwa moyo wote kwamba sisi husema kumekucha kwa sababu jua linapochomoza linatoa kucha zake juu ya mto, kwanza nyembamba, halafu zinarefuka. Sikumsahihisha. Baadaye nilifundishwa sarufi na watu wenye vyeti, na bado kila alfajiri nikitazama mashariki naona yeye ndiye mwenye haki. Kwa hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. "Kumekucha?" "Bado, Mama." "Kumekucha?" "Bado kidogo." Mpaka Jumamosi moja akainua vidole vyangu kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama kimoja kimoja, akasema polepole, "Ee. Kumekucha." Sijawahi kufaulu mtihani mwingine kwa furaha ile.

Nyumbani hakukuwa na furaha. Mimi niliyeipenda nyumba kuliko wote ndiye niliyefukuzwa kwenye chakula chake. Tulikula sinia moja, na mama aliponiona nikimega ugali kwa kucha zile, aliusukuma mkono wangu kando bila neno, akaenda jikoni akarudi na kijiko. Kijiko! Kwetu kijiko kilikuwa cha mgonjwa, au cha mzungu aliyepotea njia. Nikapewa kibakuli changu na kigoda changu pembeni. Rahabu hakuipoteza nafasi hiyo.

"Karibu, Bwana Kenge," alisema, akinisogezea kibakuli kwa ncha ya vidole. Kenge wa mtoni wana kucha ndefu na hutembea kama wanaona haya, na kwa kweli jina lilinikaa. "Kenge amesoma sekondari. Kenge anakula na kijiko. Mama, tumwekee na mayai ya kuku ayamumunye?"

"Niache, dada."

"Nikuache vipi na wewe hutoki? Wenzako wakisumbuliwa huenda zao."

Mama alisema gitaa linafanya kuku wasitage, kwa hiyo nilihamishiwa chumbani kwa Mjomba nifanyie mazoezi huko. Kilikuwa chumba kidogo cha udongo, kinanuka kamba mbichi na samaki wa moshi, na dema lililotoboka siku zote likiwa linangoja kushonwa. Mjomba aliacha mlango wazi. Alikaa kitandani akishona dema lake nami nikikaa kwenye gogo, mguu juu ya chungu kilichopinduliwa, nikirudia mstari uleule mpaka hata mimi nikauchukia. Hakuwahi kusema acha. Mara moja alivishika vidole vyangu vya mkono wa kushoto, akazipapasa ncha zilizokuwa zimeota sugu kwa kubana nyuzi, akavilinganisha na kiganja chake kilichotafunwa na kamba ya pantoni.

"Unaona," akasema. "Na wewe una kamba yako."

Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kunipa, na sijapata nyingine iliyonitosha zaidi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundishwa kile kipande chenyewe, kile nilichokisikia siku ya samaki wa kwanza. Kilitungwa na baba yake Mama Filomena, mpiga kinanda wa kanisa la kijiji kwao, mtu ambaye hakujua kuandika muziki, kwa hiyo kilikuwepo mahali pamoja tu duniani, napo ni mkononi mwa binti yake. Alikuwa amekusudia kumwachia Lidia. Kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, alinieleza, mtu anaondoka kwao asubuhi. Ya pili yuko njiani na njia ni ndefu. Ya tatu anarudi nyumbani, anakuta mlango uko wazi na ndani hakuna mtu. Nilijua haraka kwamba sehemu ya kwanza haikunifaa, mimi si mtu wa kuondoka. Niliitaka ya tatu. Naye alikuwa akiniahidi: ukimaliza ya pili. Lakini kila Jumamosi mkono wake ulifunguka kidogo kuliko Jumamosi iliyopita. Kwanza pete ikakataa, kisha ya kati. Alianza kunionyesha kwa kuimba, akigonga mezani kwa kidole kimoja, na ulipofika wakati wa maembe hakuweza kumpasua samaki wake mwenyewe. Nilimpasulia mimi, akinielekeza kwa kidevu.

Siku moja nikiwa jikoni naosha kisu, niliwasikia barazani. Walizungumza Kiingereza, wamesahau au hawajali kwamba nilikuwa nimetoka sekondari, na hata kama homa ilikula hesabu zangu, Kiingereza ilikiacha.

"Tutaondoka kabla mvua haijafunga barabara," Bwana Kaitano alikuwa akisema. "Mombasa kuna daktari. Na asipoweza, tunapanda meli turudi kwetu. Nimeshaomba ruhusa."

"Nipe mpaka amalize."

"Filo. Ile ni mikono ya mpunga. Msimu mmoja tu wa shamba, na yote uliyotia itatoka. Kwa nini unajichosha?"

Nikasikia kiti kikilia.

"Lidia amelala Kipini," akasema Mama Filomena. "Nimpe nani? Nimpe mamba? Nikipanda meli na hiki kingali ndani yangu, nakwenda nacho chini. Nitakuwa nimemzika baba mara ya pili na mtoto mara ya pili."

Niliosha kisu kile mpaka kikaisha uchafu wa mwaka mzima. Nilikuwa kijana wa kukaa jikoni; hakuna aliyewahi kunitegemea kwa jambo kubwa kuliko kuzuia maziwa yasifurike. Nikarudi nyumbani nikafanya mazoezi kama mtu anayekimbizwa. Sehemu ya pili niliimaliza wingu la kwanza likionekana upande wa bahari. "Jumamosi inayokuja," Mama Filomena akasema, akinifunga vidole vyangu ndani ya mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa bado mzima, "tunaanza ya tatu. Chunga kucha. Usishike jembe, usifue, usifungue nazi. Kaa kama bibi harusi."

"Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza, Mama."

Katikati ya juma hilo Mjomba Yaredi alikaa chini kwenye ubao wa pantoni akasema amechoka. Wenzake walisema walishangaa, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema vile. Lori lilikuwa katikati ya mto. Walivuta wao mpaka ng'ambo, na walipogeuka kumtania, alikuwa ameshatutoka. Wakamleta nyumbani juu ya mlango wa chumba chake mwenyewe, walioukimbilia na kuung'oa bawaba kwa kukosa machela, na mlango ule haukurudishwa mahali pake kwa muda mrefu.

Nyumbani kwetu palikuwa na desturi. Mwanamume akifa bila mtoto, mpwa wake ndiye humega tonge la kwanza la matanga. Wazee hukaa kuzunguka sinia, hawagusi, wote wanautazama mkono wa mpwa, kwa sababu mkono ule ndio wa marehemu uliobaki. Mpwa wa kiume nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo chumbani kwa Mjomba, pasipo mlango, dema lake likiwa na sindano bado imening'inia, Rahabu alipoingia na wembe. Niliuficha mkono nyuma. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hakunitania.

"Kaka, lete mkono."

"Dada, Jumamosi..."

"Najua Jumamosi. Nakusikia kila siku ukijihesabia." Akapiga magoti mbele yangu. "Wazee wamekaa. Utamega tonge la Mjomba na kijiko?"

Nilifikiria kipande kile na mkono uliokuwa ukifunga huko ng'ambo. Nilifikiria pia kiganja cha kamba kilichozipapasa ncha za vidole vyangu. Nikautoa mkono. Rahabu alizikata kwa haraka na kwa upole, gumba, shahada, kati, pete, akizidaka kucha kwenye kanga yake zisianguke chini, na alipomaliza aliushika mkono ule akaukandamiza usoni pake. Kisha akanivuta nje. Nilimega tonge. Lilikuwa ni tonge la kwanza la mkono kwa karibu mwaka mzima, na ugali ulikuwa wa moto, na vidole vyangu vilikuwa laini kama vya mtoto. Wazee wakasema, "Haya," wakaanza kula.

Jumamosi Rahabu alinivusha kwa mtumbwi, gitaa likiwa mgongoni mwangu. Hakutaka nipande pantoni wiki ile. Nyumba ya karani ilikuwa imejaa masanduku, picha zimetolewa ukutani zikaacha miraba myeupe. Rahabu akabaki kukaa ngazini. Mama Filomena akaja mlangoni.

"Kumekucha?"

Nilimwonyesha mkono. Akautazama, halafu akautazama mkono wangu mwingine, ambao kila Jumamosi ulikuja na samaki na leo haukuwa na kitu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mwenye samaki, Mama."

Nilidhani atalia au atanifukuza, maana kucha hazioti kwa kuombwa, na lori la kuwachukua lilikuwa lije Jumatatu. Akageuka ndani akasema neno kwa lugha yao, na Bwana Kaitano akatoka chumbani akiwa na kamba ya kufungia sanduku mkononi. Walinong'ona. Kisha Mama Filomena akaniuliza, "Kwenu matanga mnakula namna gani?" Nikamwambia sinia moja, kwa mkono. Basi akapakua wali na dengu kwenye trei ya chai, kwa sababu sinia hawakuwa nalo, akamwita Rahabu aingie, tukakaa sote chini kwenye mkeka katikati ya masanduku. Bwana Kaitano alivua tai, akala kwa mkono kama mtu anayejifunza kuogelea, wali ukimwagika hadi magotini, na mkewe, ambaye vidole vyake vya kulia havikuweza kushika punje, akalishwa naye. Rahabu alimtazama yule bwana akitengeneza tonge dogo na kulipeleka mdomoni mwa mkewe, akainamisha kichwa. Hakuwahi kulisimulia hilo kwa mtu yeyote, naye alisimulia kila kitu.

Tulipokwisha kunawa, Mama Filomena akaliweka gitaa la Lidia mapajani mwangu. "Haina kucha," akasema. "Basi tunapiga na nyama."

Na nyama inatoa sauti nyingine. Kucha inasema wazi, kila noti inafika hadi mlangoni. Nyama inasema kwa ndani, kama mtu anayezungumza huku amejifunika shuka. Alikaa nyuma yangu, akaviweka vidole vyangu vya kushoto mahali pake kwa mkono wake mzima, akaniimbia sikioni, kipimo kwa kipimo, mchana ule wote mpaka jua likavuka wavu wa dirisha la pili. Nilikosea, akarudia. Nilikosea tena, akanipiga kofi dogo la sikio, akarudia. Bwana Kaitano aliacha kufunga masanduku. Nilipoipiga sehemu ya tatu mara ya kwanza bila kusimama, mpaka pale mwisho ambapo ile sauti nzito inabaki peke yake inauliza na ile ya juu haijibu tena, Mama Filomena akaufungua mkono wangu wa kulia akautazama, vidole vilivyokatwa hadi kwenye nyama, vimekuwa vyekundu.

"Sasa iko kwako," akasema. "Mimi naweza kusafiri."

Katikati ya mto Rahabu aliacha kupiga kasia. Maji yalikuwa yameanza kuwa ya rangi ya chai, mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Sikuwa nimewahi kumweleza kipande kile kinahusu nini. Angeniita kenge mwenye njozi.

"Ile ya mwisho," akasema bila kunitazama. "Huyo mzee aliyeitunga, aliwahi kuingia chumbani kwa Mjomba?"

Nikamwambia hapana, alikuwa mtu wa mbali sana.

"Basi na kwao wanakufa vilevile," akasema, akashika kasia.

Lori liliwachukua Jumatatu na Jumanne mvua ikafunga barabara. Gitaa niliachiwa. Karani aliyekuja baada yao alisema Mama Filomena hakufika kwao, dereva mmoja akaniambia alifika na akaishi sana. Mimi nimemwamini dereva. Sikurudi shule mpaka mwaka uliofuata, nikamaliza nilichoweza, nikarudi Garsen, na sijaenda mbali tena. Nyuzi zilipokatika nilitumia mishipi ya kuvulia ya Mjomba. Nimekutana baadaye na vijana waliosoma muziki, wamenisikia nikipiga sehemu mbili kwa kucha na ya tatu kwa nyama, wameniambia kwa adabu kwamba haifanywi hivyo, sauti lazima iwe moja. Nawaambia asante. Rahabu peke yake alijua kwa nini, na kila alipokuja kunitembelea, hata alipokuwa bibi wa watu na fimbo mkononi, aliketi akasema, "Haya, Kenge, nipige kile cha chumba cha Mjomba," nami nilianzia ya tatu, kwa sababu alikuwa hana subira na mtu anayeondoka.

Jana jioni, baada ya matanga kuanuliwa, nilirudi kwangu nikalitoa gitaa. Nilitaka kukipiga chote, tangu asubuhi ya yule mtu. Vidole havikuwa na kitu isipokuwa nyama, kwa hiyo safari nzima ilikuwa ya kujifunika shuka, kuondoka na njia na kurudi, yote sauti moja, kama vijana walivyotaka. Hakuna aliyesikia isipokuwa kuku, na kuku wangu walishazoea. Nililala mapema.

Asubuhi hii mjukuu wake Rahabu, Neema, amekuja kunigongea. Leo ndiyo siku ya kufungua chumba cha bibi yake, kutoa nguo na vyombo, na wameona wanisubiri mimi niingie wa kwanza. Nimemsikia akifagia fagia ua kwa kukosa la kufanya, halafu amekuja dirishani.

"Babu," ameita, "kumekucha."

Nimeinua mkono wangu wa kulia kwenye mwanga, nikavitazama vidole kimoja kimoja.

"Bado," nimemwambia.